Jalada Laini, Bei Kali

Mjadala huu huibuka kila yanapofanyika maonesho ya vitabu, kila bajeti ya serikali inaposomwa, na kila matokeo ya mtihani wa Kiswahili yanapokuja mabaya. Mmoja husema watu wetu hawapendi kusoma, na ule msemo wa kumficha Mwafrika jambo ndani ya kitabu hutolewa kama ushahidi, ingawa msemo haujapata kuwa ushahidi wa kitu chochote. Mwingine hujibu kwamba watu wangesoma kama vitabu visingekuwa ghali. Wa tatu huwaambia wote wawili kuwa wamechelewa, kwani simu imeshamaliza ubishi.

Kinachochanganya ni kwamba kitabu kinachozungumzwa, kile cha jalada laini na mgongo wa gundi, kilipata umaarufu wake kwa sababu ya bei ya chini. Ulaya na Marekani kiliingia sokoni kama kitabu cha mtu asiye na fedha nyingi. Afrika Mashariki karibu kila riwaya, kila diwani na kila tamthilia ya Kiswahili hutoka kwa jalada laini, na bado mfanyakazi wa kipato kidogo huishika dukani, akasoma maelezo ya nyuma, akairudisha rafuni. Imekuwaje kitu kilichoenea kwa unafuu kikawa ghali? Swali hilo likijibiwa sawasawa, hoja zote tatu zinabadilika sura.

Unafuu ulitoka wapi

Jalada laini lenyewe ni la zamani. Kampuni ya Tauchnitz ya Leipzig ilianza mwaka 1841 kuwauzia wasafiri wa Ulaya vitabu vya Kiingereza vyenye jalada la karatasi, na Albatross ya Hamburg ilifuata mwaka 1932 na vitabu vyembamba, vilivyotofautishwa kwa rangi kulingana na aina ya maudhui. Allen Lane, aliyeanzisha Penguin mjini London Julai 1935, aliiga mengi kutoka kwao, rangi zikiwemo. Upya wake ulikuwa katika hesabu.

Riwaya mpya ya jalada gumu nchini Uingereza wakati huo iliuzwa shilingi saba na peni sita. Lane aliuza kila kimoja cha vitabu vyake kumi vya kwanza kwa peni sita, yaani sehemu moja ya kumi na tano ya bei hiyo. Punguzo kubwa namna hiyo haliwezi kuletwa na kubadilisha jalada peke yake. Yalikutana mambo matatu. Kwanza, vitabu hivyo, vikiwemo vya Ernest Hemingway, Agatha Christie na André Maurois, vilikuwa vimekwisha kutoka kwa jalada gumu. Uhariri ulishafanyika, jina la mwandishi lilishajulikana, na wenye fedha walishalipia gharama za mwanzo. Pili, alichapa maelfu kwa maelfu ya kila kitabu, kwa hiyo gharama iliyobaki iligawanywa kwa nakala nyingi. Tatu, alipeleka vitabu mahali ambapo havikuwa vikiuzwa. Woolworth, maduka yaliyojaa vyombo vya nyumbani, peremende na vifaa vya kushonea, yaliagiza nakala 63,500, na agizo hilo ndilo lililouokoa mradi mzima. Katika mwaka wa kwanza Penguin iliuza nakala zipatazo milioni tatu.

Miaka minne baadaye, mwaka 1939, Robert de Graff alianzisha Pocket Books mjini New York kwa bei ya senti 25. Yeye aliwaendea wasambazaji wa magazeti, na vitabu vyake vikafika kwenye vibanda vya magazeti, maduka ya dawa na stesheni za treni, katika miji ambayo haikuwa na duka la vitabu hata moja. Kisha ikaja vita. Kati ya 1943 na 1947 wachapishaji wa Marekani na jeshi la nchi hiyo walitoa nakala zaidi ya milioni 120 za vitabu vidogo vya kutia katika mfuko wa sare, vikagawiwa askari bure. Huko mnunuzi alikuwa mmoja tu, hazina ya serikali, na wasomaji walikuwa mamilioni.

Kwa hiyo jalada laini lilikuwa alama ya nje ya mpango mkubwa uliokuwa nyuma yake: gharama za mwanzo zilizokwisha kulipwa na mtu mwingine, chapa kubwa, na vituo vingi vya kuuzia. Ukiondoa hayo matatu unabaki na kitabu ambacho ni rahisi kidogo kukitengeneza kuliko cha jalada gumu, na kinachokunjamana upesi zaidi kwenye unyevu wa pwani.

Lilivyoingia Afrika Mashariki

Mwanzo wetu haukuwa mbaya. Shirika la East African Literature Bureau lilianzishwa mwaka 1948 kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na halikuishia kwenye kuchapisha. Liliendesha mashindano ya uandishi pamoja na huduma za maktaba kwa watu waliokuwa mbali na miji. Katika shindano la 1957-58 ndipo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomleta mpelelezi wake, Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale kikatoka mwaka 1960 na kuifungulia njia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Kwa Kiingereza, Heinemann ilianzisha African Writers Series mwaka 1962, Chinua Achebe akiwa mhariri mshauri. Mfululizo huo ulifuata mantiki ya Lane hatua kwa hatua: Things Fall Apart kilikuwa kimetoka London kwa jalada gumu mwaka 1958, kisha kikarudi kwa jalada laini kwa ajili ya shule na vyuo vya Afrika.

Miaka ya sabini ilikuwa ya neema. Charles Mangua alitoa Son of Woman mwaka 1971, David Maillu akaanzisha Comb Books na kuwauzia Wanairobi vitabu vya pombe, mapenzi na ofisi ambavyo wahadhiri walivikunjia uso, na mwaka 1975 Heinemann ya Nairobi ikaanzisha Spear Books kwa msomaji wa namna hiyo hiyo. Kwa Kiswahili, Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Mpelelezi huyo wa Tanzania, anayesafiri kwa ndege na kuwafukuza maadui hadi Nairobi, alisomwa na makarani, wanafunzi, askari na madereva. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo mwaka 1972 ilishirikiana na kampuni ndogo ya London kutoa How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney. Kitabu hicho kimesomwa dunia nzima kwa jalada laini.

Wakati huo huo Tanzania ilikuwa ikitengeneza wasomaji kwa makusudi. Kampeni ya elimu ya watu wazima iliwaketisha wakulima madarasani usiku, na takwimu rasmi za 1986 zilisema watu wazima tisa kati ya kumi wanajua kusoma na kuandika. Wengine wana shaka na takwimu hizo, na shaka yao ina msingi, kwa kuwa aliyeweza kusoma bango si lazima awe aliweza kumaliza riwaya. Hata ukizipunguza kwa nusu, bado ni wasomaji wapya wengi mno kwa nchi moja.

Mwaka 1977

Wasomaji walipoanza kupatikana, soko likavunjika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisambaratika mwaka 1977, na Bureau ikafa nayo. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya Februari mwaka huo na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa biashara ya vitabu vya Kiswahili hili lilikuwa pigo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Soko moja la lugha moja likakatwa vipande, na kila upande ukabaki na chapa ndogo kwa wasomaji wake tu. Halafu ikaja miaka ya themanini na uhaba wa fedha za kigeni Tanzania, karatasi ikawa bidhaa ya kuombea kibali, na vitabu vikatoweka madukani pamoja na sukari na sabuni. Waliofundishwa kusoma usiku wakakosa cha kusoma mchana.

Waandishi hawakunyamaza. Musiba na Ben Mtobwa waliingia wenyewe katika uchapishaji, na simulizi zikahamia kwenye magazeti, ambako Eric Shigongo baadaye alijenga hadhira kubwa kwa hadithi za kila wiki zinazokatika penye utamu. Ila kitabu chenyewe kilikuwa kimebaki na mteja mmoja wa kutegemewa, naye ni shule. Nitarudi kwake, kwa sababu ndiye kiini cha tatizo.

Hoja ya kwanza: watu hawasomi

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaonekana kwa macho. Abiria ndani ya daladala hana kitabu mkononi, na sebule nyingi zina televisheni na hazina rafu ya vitabu. Upo pia ugumu wa lugha. Mtoto wa Tanzania husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha akifika sekondari anahamishiwa Kiingereza katika masomo karibu yote, na kwa miaka kadhaa hasomi vizuri kwa lugha yoyote. Wengi hupotelea hapo.

Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kueleza miaka ya sabini, wala magazeti ya hadithi, wala makundi ya WhatsApp ambamo watu hulipa kwa simu ili watumiwe sehemu inayofuata ya riwaya. Haielezi pia yaliyotokea Kenya mwaka 1980. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikuyu, yeye mwenyewe amesimulia jinsi kilivyosomwa kwa sauti majumbani baada ya chakula cha jioni, na hata baani, ambako msomaji alisita penye utamu mpaka glasi yake ijazwe. Nakala moja ya jalada laini ilikuwa na wasomaji kumi au ishirini. Anayehesabu wasomaji kwa kuhesabu nakala zilizouzwa, katika jamii inayopokezana kitabu hadi kikatike mgongo, anahesabu vibaya.

Hoja hii, kwa ufupi, inachukua matokeo na kuyaita chanzo. Mazoea ya kusoma hujengwa na kitabu kinachofikika, na yakikosa kulishwa kwa kizazi kimoja hufifia. Kufifia huko ni kweli, na haitoshi kujibu kwa kutaja enzi za Willy Gamba.

Hoja ya pili: bei, karatasi na kodi

Wachapishaji wana sababu ya kulalamika. Kiwanda cha karatasi cha Webuye nchini Kenya kilifungwa mwaka 2009, na kile cha Mgololo, Mufindi, leo hutegemewa kwa karatasi za vifungashio. Karatasi ya kitabu hutoka nje, na bei yake hupanda na dola. Kuna malalamiko ya miaka mingi kwamba kitabu kilichochapwa ng'ambo huingia bila ushuru wa forodha, ilhali mchapaji wa hapa hutozwa kwenye karatasi na vifaa vyake. Ndiyo maana wachapishaji wengi huona heri wapeleke kazi India au China. Kenya nayo, kwa sheria ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mwaka 2013, iliviweka vitabu katika kodi ya asilimia 16.

Kodi kwenye kitabu ni jambo baya na sina la kuitetea. Hata hivyo tuipime. Kitabu cha shilingi 1,000 za Kenya kikiondolewa asilimia hizo 16 kinashuka hadi shilingi 862 hivi. Ni nafuu, lakini haifanani hata kwa mbali na kushusha bei hadi sehemu moja ya kumi na tano. Kuna mtego pia katika namna ya kuiondoa. Vitabu vikisamehewa kodi tu, mchapishaji hawezi kudai VAT aliyolipa kwenye karatasi na uchapaji, na gharama hiyo huingia katika bei kimyakimya. Vikitozwa kwa kiwango cha sifuri, anaweza kuidai. Wanasiasa wakitangaza msamaha, watu hupiga makofi bila kuuliza ni wa aina gani.

Kiini cha bei kiko kwingine. Tuchukue mfano wa kubuni. Uhariri, upangaji wa kurasa, mchoro wa jalada na maandalizi ya mtambo vigharimu shilingi milioni sita za Tanzania. Ukichapa nakala 1,000, kila nakala inabeba shilingi 6,000 kabla ya karatasi, kabla ya mrabaha wa mwandishi, na kabla ya muuza duka kuchukua fungu lake, ambalo asilimia 30 hadi 40 si la ajabu. Ukichapa 10,000, kila nakala inabeba 600. Mtambo wa kidijitali wa kuchapa nakala chache chache unaondoa tatizo la stoo kujaa vitabu, lakini hauondoi hesabu hii.

Basi, riwaya ya Kiswahili ni ghali kwa sababu inachapwa kidogo, na inachapwa kidogo kwa sababu ni ghali. Tena haina kaka wa jalada gumu aliyeilipia njia. Inatoka mara moja, kwa umbo moja, na gharama zote ziko mgongoni mwake.

Hoja ya tatu: simu

Wanaosema simu imechukua nafasi ya kitabu wana ushahidi bora kuliko wanavyoutumia. Kwa kawaida husema kwamba simu imewaharibu vijana. Ushahidi wao unaonesha kinyume: simu imefichua wasomaji. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, iliondoa kikwazo kikubwa cha biashara ya hadithi, yaani kukusanya fedha ndogo kutoka kwa watu wengi waliotawanyika. Mwandishi asiye na mchapishaji anaweza kuandika sura leo, akapokea malipo usiku, na kujua kesho nani kachoka na nani anasubiri.

Hasara zipo tatu na ni nzito. Faili la PDF likimfikia msomaji mmoja mkarimu linafika kwa mia, na mwandishi hana la kufanya. Kazi nyingi hutoka bila mhariri, na inaonekana: mhusika aliyekufa sura ya tano anapika chai sura ya tisa. Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, nayo ni uhifadhi. Kundi likifungwa, simu ikiibwa, hadithi imekwenda. Nakala ya Simu ya Kifo iliyochanika bado inaweza kusomwa baada ya miaka sitini. Riwaya ya WhatsApp ya mwaka 2015 nani anayo?

Mitumba

Njia nyingine ya unafuu hutajwa kwa aibu, ingawa ndiyo inayoonekana zaidi mitaani. Nairobi wanaita inama bookshop, vitabu vilivyotandazwa chini ambavyo mteja huviinamia; Dar es Salaam viko kandokando ya mitaa ya katikati ya jiji. Vingi ni vitabu vya jalada laini vya Uingereza na Marekani vilivyokwisha kusomwa huko, na msomaji wa hapa hunufaika na hesabu ya Lane miaka mingi baada ya hesabu hiyo kufungwa.

Wachapishaji huwaona wauzaji hawa kama maadui, hasa pale nakala bandia za vitabu vya shule zinapochanganyika na mitumba. Lawama ya nakala bandia ni ya haki. Ubaya mwingine ni kwamba mitumba karibu yote ni Kiingereza, na mtoto aliyekua nayo huweza kuamini kwamba kusoma kwa raha ni shughuli ya Kiingereza na Kiswahili ni cha mtihani. Lakini wauzaji hawa wamethibitisha kitu ambacho hakuna semina iliyowahi kukithibitisha: kitabu kikiwekwa njiani mwa watu wanaotoka kazini, kwa bei ya kupatana, kinanunuliwa.

Mteja mkubwa mmoja

Sasa shule. Kitabu kikiteuliwa kwa mtihani, kila kinachokosekana kwingine kinapatikana: chapa kubwa, mnunuzi wa uhakika, bei inayoshuka. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora na Chozi la Heri cha Assumpta Matei vimepita katika mikono ya wanafunzi wengi wa Kenya kuliko riwaya yoyote ya hiari, kama vilivyofanya Takadini na Watoto wa Maman'tilie kwa Tanzania. Kizazi kizima kina hadithi za pamoja za kutaniana nazo, na hilo ni jambo kubwa.

Gharama yake ni kwamba mwanafunzi hukutana na riwaya kwa mara ya kwanza kama jambo la kuulizwa maswali. Kando ya kitabu unakuja mwongozo, wenye muhtasari, wahusika na dhamira vilivyotafunwa tayari, na wengi husoma mwongozo wakaacha riwaya. Mtihani ukiisha, kitabu huuzwa kwa mdogo wa darasa la chini. Nadra mtu kurudi dukani kutafuta kitabu kingine cha mwandishi yule yule, na mara nyingi hata angerudi asingekikuta.

Kisha yakaja mabadiliko ambayo kila moja lilikuwa na sababu njema. Tangu mwaka 2018 serikali ya Kenya imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Wanafunzi wakapata kitabu kila mmoja, na bei kwa nakala ikashuka kwa nguvu ya wingi, jambo ambalo ni uthibitisho mwingine wa hesabu tuliyoifanya. Lakini maduka ya vitabu ya miji midogo, yaliyokuwa yakiishi kwa msimu wa shule na kuweka riwaya chache pembeni, yalipoteza mkate wao. Tanzania, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, ilielekea kwenye kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo chini ya Taasisi ya Elimu. Mkanganyiko wa vitabu vingi vyenye makosa tofauti ulipungua. Kwa upande wa pili, wachapishaji binafsi walipoteza faida ambayo wengine wao waliitumia kubeba fasihi. Kwa miaka mingi kitabu cha hisabati ndicho kilicholipia riwaya. Aliyepanga sera alikuwa akifikiria darasa, na ndani ya darasa alikuwa sahihi.

Kupima

Tukiziweka hoja pamoja, ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote kama maelezo ya chanzo. Ya pili ina ukweli, ila inashika mkia: kodi na karatasi huongeza bei, lakini udogo wa chapa na uchache wa vituo vya kuuzia ndivyo vinavyoifanya iwe ile ile mwaka hadi mwaka. Ya tatu imeona jambo la kweli na kulitafsiri vibaya.

Njia zinazoweza kupunguza uzito wa gharama za mwanzo ni chache. Mojawapo ni serikali au wafadhili kununua sehemu ya chapa kabla. Norway imekuwa ikifanya hivyo kwa ajili ya maktaba zake tangu 1965, na Tanzania tuna mfano wa karibu, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, ambao kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada ulinunua sehemu kubwa ya nakala kwa ajili ya shule na kumwachia mchapishaji zilizobaki auze. Vitabu vizuri vya watoto vilizaliwa humo. Udhaifu ni ule wa kila mfadhili: bajeti ya Ottawa ikibadilika, rafu ya Singida inabaki tupu. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022, nayo huwasaidia washindi kuchapishwa, lakini tuzo huchagua wachache kwa mwaka, na kamati yoyote, hata iwe na nia njema, huegemea kazi zisizomuudhi mtu. Willy Gamba asingepita.

Njia ninayoiona ina nguvu zaidi inatoka kwa wale tunaowashutumu. Simu inaweza kuwa kwetu kile jalada gumu lilichokuwa kwa Lane: mahali ambapo wasomaji wa mwanzo wanamlipa mwandishi, wanaijaribu hadithi na kulijenga jina, kabla shilingi moja haijaingia kwenye karatasi. Mchapishaji anayesubiri muswada ofisini kwake anabahatisha. Anayechukua riwaya ambayo watu elfu kadhaa wamekwisha kuilipia sura kwa sura ana sababu ya kuchapa nakala 10,000 badala ya 1,000. Kazi yake itakuwa kuhariri, kumfufua yule aliyekufa sura ya tano au kumzika sawasawa, na kuipa hadithi umbo linalodumu. Je, waliokwisha kuisoma kwenye simu watainunua tena? Baadhi hawatanunua. Wachapishaji wa London pia walimwambia Lane kwamba kitabu cha peni sita kingeua kile cha shilingi saba na peni sita, na hakikuua.

Sehemu ngumu inabaki kwenye kuuza. Mtandao wa magazeti, ambao ndio ungekuwa njia ya de Graff kwetu, unapungua mwaka hadi mwaka kadiri magazeti yenyewe yanavyohamia mtandaoni. Wauzaji wa barabarani wapo, lakini wao hununua mitumba kwa fedha taslimu na hawana mtaji wa kufunga kwenye riwaya kumi mpya. Maduka ya vitabu huchukua kwa mali kauli, yaani hulipa baada ya kuuza, na mara nyingi huchelewa sana kulipa. Mchapishaji akimpa muuzaji wa barabarani mali kauli, anabeba hatari ya mvua, mgambo na mteja asiyerudi. Akimtaka taslimu, kitabu hakifiki kwenye kituo cha daladala. Mtu atakayekubali kubeba hasara hiyo kwa misimu miwili au mitatu ya mwanzo, awe mchapishaji, benki au kampuni ya simu inayokula kamisheni ya kila malipo ya hadithi, bado hajajitokeza.